Pilipili za Mama na Swali la Wahenga

Wahenga walinena: pilipili usiyoila yakuwashiani? Sidhani kuwa yupo mwanafunzi wa Kiswahili nchini Kenya asiyeijua methali hii. Mimi niliikariri nikiwa shule ya msingi, nikaitolea maana na matumizi, na nilipofika kidato cha tatu nikaiandikia insha iliyonipatia alama 17 kati ya 20. Hata hivyo, msomaji mpendwa, katika kurasa hizi nakusudia kuwaomba wahenga radhi kisha nibishane nao kidogo. Sibishani nao kwa kiburi cha usomi. Nabishana nao kwa kuwa nililelewa na mama mpanda pilipili, katika mji ambao pilipili haikutarajiwa kustawi, na kwa kuwa tulikuwa na jirani ambaye hakupata kula pilipili maishani mwake.

Kwetu ni Elburgon, katika Kaunti ya Nakuru, kando ya reli ya zamani iendayo Kisumu, ukishaipita Njoro na kabla hujafika Molo. Mji huu umekaa takribani mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, ukiuegemea msitu wa Mau. Aliyewahi kuamka huko mwezi wa Julai anajua jinsi ukungu unavyolala juu ya viazi mithili ya blanketi lililolowa, na jinsi mtu anavyosita kuutoa mkono mfukoni hata kumwamkia mkubwa wake. Ni nchi ya viazi, karoti, kabeji, njegere, pareto na mbao. Baba alikuwa mfanyakazi katika kiwanda cha mbao, akirejea jioni nyusi zimejaa unga wa msonobari. Nyumba yetu ilijengwa kwa mabanzi, kama zilivyokuwa nyumba nyingi za majirani.

Pilipili ni mtoto wa joto. Mbegu yake hupenda udongo wenye joto la nyuzi 25 hadi 30, ilhali kwetu usiku wa baridi hushuka chini ya nyuzi 10. Wapo wenzetu wa milima ya Andes, huko Marekani ya Kusini, walio na jamii ya pilipili inayovumilia baridi, yenye maua ya zambarau na mbegu nyeusi tititi. Mama hakuwa na mbegu hiyo. Alichokuwa nacho ni ukuta wa jikoni.

Jiko letu lilisimama peke yake nyuma ya nyumba. Pande tatu zake zilikuwa za mabanzi, lakini upande wa nyuma ya meko Mama aliukandika udongo mnene. Ndani ukuta huo ulipashwa na kuni kutwa. Nje ulielekea machweo, ukaota jua la alasiri. Ukiugusa saa mbili za usiku ungeukuta una vuguvugu kama ubavu wa ng'ombe. Chini ya ukuta huo, kwa upande wa nje, ndipo palipokuwa tuta la pilipili.

Kazi yenyewe ilianza mapema. Mama alizilowesha mbegu katika maji ya uvuguvugu usiku kucha, akazipanda katika nusu ya mtungi wa plastiki uliojazwa udongo wa msituni, samadi iliyokwisha kuoza na jivu kidogo, kisha akauweka mtungi juu ya uchanja karibu na meko. Baada ya majuma mawili au matatu, miche ilichungulia. Ilipopata majani sita hivi aliizoeza jua, kila siku muda zaidi, kabla ya kuihamishia tutani. Hakuthubutu kuipanda mahali palipovunwa viazi. Pilipili, kiazi, nyanya, biringani na mnavu ni ukoo mmoja, na ndugu hawa huambukizana maradhi. Mnyauko wa bakteria uliowahi kukausha viazi husubiri udongoni umkaushe na ndugu yake. Mvua ya mawe ilipobisha, sisi watoto tulitumwa mbio kuifunika miche kwa magunia. Pwani pilipili huvunwa baada ya miezi mitatu. Kwetu tulingoja mitano, na hapana aliyelalamika.

Lakini zilipoiva! Laiti ningekuwa mchoraji. Kijiti kimoja kiliweza kubeba rangi nne kwa wakati mmoja: kijani, zambarau, njano na nyekundu, zote zikisimama wima kama mishumaa. Wataalamu hutueleza kuwa pilipili nyingi huanza na kijani kwa sababu ile ile inayoyafanya majani kuwa ya kijani, kisha rangi hiyo hufifia na kuziachia nafasi zile za njano na nyekundu. Mama hakuhitaji maelezo hayo. Aliziita kwa tabia zao. Zile ndogo zinazotazama mbinguni alisema ni pilipili kichaa. Zile ndefu zinazoning'inia aliziita vidole. Zile nene, zilizokunjamana kama taa ya karatasi iliyobonyezwa, alijua kuwa ni pilipili mbuzi, maana shangazi aliyeolewa Mombasa ndiye aliyemletea mbegu zake zimefungwa katika kipande cha gazeti. Hizo ndizo zilizodeka kuliko zote, zikapewa nafasi iliyokaribiana zaidi na meko.

Hapa naomba niingie kidogo katika uwanja wetu wa lugha. Neno pilipili lina asili ya Bara Hindi, na mwanzoni lilitaja ile pilipili nyeusi ya punje, tunda la mmea utambaao. Pilipili ya rangi ni mmea mwingine kabisa. Ilitoka Marekani ya Kati na ya Kusini, na haikujulikana upande huu wa dunia kabla ya safari ya Christopher Columbus ya mwaka wa 1492. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwaka wa 1498, na inaaminika kwamba Wareno waliomfuata ndio walioieneza katika karne ya 16. Mgeni huyu alipofika pwani alipewa jina la aliyemtangulia. Akazoeleka mno hata yule aliyemtangulia ndiye akalazimika kuongezewa lakabu, akawa pilipili manga, yaani ya Uarabuni, ingawa naye asili yake ilikuwa India. Leo ukisema pilipili pasipo kifafanuzi, hakuna aifikiriaye ile nyeusi. Vivyo hivyo, kamusi za zamani za Kiswahili kwa Kiingereza ziliieleza pilipili hoho kuwa ile nyekundu inayowasha. Leo sokoni Elburgon ukiitisha hoho unapewa ile kubwa iliyo tamu, isiyomdhuru hata mtoto mchanga. Ukiuliza ni ipi hasa pilipili ya wenyeji, lugha yenyewe itakutazama tu.

Tuje sasa mezani. Nimewahi kusikia ikidaiwa kwamba watu wa milimani hawajui viungo, kwamba chakula chetu ni chumvi na maji. Jikoni mwa Mama kila rangi ilikuwa na kazi yake. Za kijani zilikatwakatwa katika kachumbari pamoja na vitunguu, nyanya, dania na ndimu. Ukali wake ni wa majani, hupita upesi. Za zambarau zilitiwa katika chupa ya siki zikiwa nzima, kwa kuwa ukizipika rangi yao ya kifahari hupotea zikarudia ukijani. Pilipili mbuzi moja ilidondoshwa nzima katika mchuzi wa viazi na njegere, ikaelea humo hadi iutoe unukaji wake unaokaribia wa matunda, kisha ikaopolewa kabla haijapasuka. Ikipasuka, watoto hawali. Nyekundu ziligawanywa mafungu mawili. Fungu la kwanza lilikaangwa: pilipili 20, vitunguu viwili, punje nne za saumu, nyanya tatu na karoti moja iliyoparuzwa, polepole mpaka mafuta yaelee juu, halafu chumvi na vijiko viwili vya siki. Karoti ni ubunifu wa Elburgon. Huupunguza ukali na kuipa pilipili utamu wa mbali. Fungu la pili lilitungwa katika uzi, likaning'inizwa juu ya meko, likakauka kwa moshi wa kuni. Hilo ndilo lililotwangwa pamoja na chumvi ya mawe, na kijiko kimoja chake kiliweza kuamsha sufuria nzima ya githeri.

Kabla ya kukata pilipili Mama alijipaka mafuta ya kupikia viganjani. Alijua kwa mazoea jambo ambalo kemia inalithibitisha: kiini cha ukali, kiitwacho kapsaisini, hakiyeyuki vyema katika maji. Ndiyo maana anayeungua kinywa hasaidiki kwa maji. Maji humsambazia tu. Humfaa maziwa. Na kiini hicho hakimo hasa katika mbegu kama wengi tudhanivyo, bali katika utando mweupe unaozishikilia.

Kwa habari ya maziwa, ndipo anapoingia jirani yetu. Aliishi ng'ambo ya ua wetu wa michongoma, mwanamke wa makamo wakati huo, mfugaji wa ng'ombe watatu. Wajukuu zake walimwita Kogo, nasi tukaiga. Nikiwa na umri wa miaka sita nilishindana na kakangu kuitafuna pilipili kichaa nyekundu. Nilishinda, na ushindi huo nikautangaza kwa mayowe. Mama alikuwa kisimani. Kogo ndiye aliyeruka ua na kibuyu mkononi, akanikalisha mapajani, akaninywesha maziwa lala yenye madoa ya mkaa, funda baada ya funda, mpaka nikanyamaza. Mama aliporejea akamkuta bado amenipakata.

"Mama, hiki chakula chenu kina hasira," Kogo akasema.

"Hasira yake ni ya dakika kumi tu, Kogo," Mama akajibu. "Onja siku moja."

"La. Mimi nitaendelea na maziwa yangu."

Hakuonja siku hiyo wala baadaye. Mama alimpa viazi na karoti. Yeye akatupa maziwa. Pilipili alizikataa kwa adabu kila mwaka. Msomaji mwerevu ameshatutambua sote kwa sufuria na kibuyu. Majina ya makabila yetu sitayataja, kwa kuwa siku hizo hayakuwa na kazi yoyote pale uani.

Yalikuja kupewa kazi. Matokeo ya uchaguzi wa urais yalitangazwa tarehe 30 Desemba 2007. Yaliyofuata yanajulikana na yameandikwa: zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini, na mamia ya maelfu wakayahama makazi yao. Mimi nilikuwa na miaka 10. Tulitoka nyumbani usiku, Mama akiwa amembeba mdogo wangu mgongoni na sufuria kichwani, Baba akiwa na godoro moja. Nilipogeuka mara ya kwanza niliona giza. Nilipogeuka mara ya pili niliona mwanga upande wa kwetu. Kopo la mbegu lilikuwa limebaki juu ya uchanja.

Tulikaa katika uwanja wa maonyesho wa Nakuru, mahemani, pamoja na maelfu ya wenzetu. Tulipewa unga, maharagwe na mafuta, na Mungu awabariki waliovileta. Lakini namkumbuka Mama akiyakoroga maharagwe hayo meupe, akayaonja, akaweka mwiko chini. "Chakula hiki hakina mwenyewe," akasema. Nilidhani analalamikia chumvi. Sasa naelewa kuwa alikuwa akisema jambo jingine.

Mapatano ya viongozi yalitiwa saini tarehe 28 Februari 2008. Mwezi wa Mei serikali ilianzisha Operesheni Rudi Nyumbani, nasi tukarudi, ila nyumba haikuwapo. Mabanzi yalikuwa yameteketea yote. Kilichosimama ni ukuta mmoja tu, ule wa udongo wa jikoni, umechomeka ukawa mwekundu na mgumu kama tofali. Tuta lililokuwa chini yake lilikuwa majivu. Tuta la pili dogo, kando ya ua, lilikuwa limemezwa na magugu. Tukafunga turubai kwenye ukuta huo, tukalala.

Siku ya pili, alfajiri, Kogo alipenya pale uani. Mkononi alikuwa na kibuyu. Mama alinyoosha mikono kukipokea kama mtu apokeaye maziwa, na kibuyu kikalia. Kililia kama kayamba. Mama akakiinamisha juu ya kanga yake, na zikamwagika pilipili kavu: nyekundu, za njano zilizogeuka rangi ya kahawia, nyeusi zilizokuwa zambarau. Nyingine zilikuwa zimepasuliwa, na mbegu zake zimefungwa kando katika kitambaa.

Alitusimulia kwa maneno machache. Baada ya moto, pilipili za tuta la kando ya ua ziliendelea kuiva. Akawa anakuja jioni, watu wakishaingia ndani, akichuma chache chache. Jioni moja vijana wawili walimkuta. Wakamwuliza, mambo ya watu hawa yanakuhusu nini?

"Ukawajibuje?" Mama akauliza.

"Nikawaambia, zimeiva."

Kisha akatuonyesha viganja vyake, akicheka kidogo kwa haya. Hakujua habari ya mafuta. Alizipasua kwa mikono mitupu, akajifuta jasho usoni, na kwa siku mbili hakulala kwa kuwashwa. Mama alianza kucheka pia, akacheka mpaka kicheko kikageuka, akaishika ile mikono ya Kogo na kuikandakanda kana kwamba bado inauma. Usiku huo tulikula viazi vya kuchemshwa vilivyonyunyiziwa pilipili iliyotwangwa kwa jiwe. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Desemba nikatoka jasho la chakula.

Sitaki nipambe zaidi ya ilivyokuwa. Ni nani aliyelichoma boma letu, sijui. Kama Kogo alijua, hatukumwuliza. Mama hakuuliza wakati huo wala baadaye. Siwezi kudai kwamba kimya hicho ni msamaha. Yapo majirani ambao tangu siku hizo tunaamkuana na basi. Ninachoweza kusema ni hiki: aliyeuwasha moto ule simjui, lakini aliyewashwa kwa ajili yetu namjua.

Mbegu za Kogo zilipandwa. Nazo zilipozaa, Mama akapiga kelele ya mshangao, maana hakuzitambua. Palikuwa na vidole vya zambarau, na palikuwa na kichaa za rangi ya chungwa ambazo hatukuwa nazo kabla. Pilipili huweza kujichavusha yenyewe, lakini nyuki akipita kutoka ua moja hadi jingine huzichanganya, na mchanganyiko huo huonekana katika kizazi kifuatacho. Kwa miaka yote Mama alikuwa akizitenga mbegu na kuchagua miche inayofanana. Kogo, asiyejua aina wala majina, alizichanganya zote katika kitambaa kimoja.

Ukitaka kuyaeleza matunda ya tuta hilo kwa neno moja la Kiswahili, neno lililo karibu ni madoadoa. Nami, mwanafunzi wa lugha, siwezi kulitumia. Katika siasa za Bonde la Ufa za miaka ya 1990 neno hili lilifanywa jina la watu waliotakiwa waondoke ili nchi iwe ya rangi moja. Mwaka wa 2022, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ililiweka katika orodha ya maneno ya chuki. Hata kwekwe, neno la mkulima maskini wa watu, limewahi kuitiwa binadamu. Kuna maneno ambayo huibwa kutoka shambani yakiwa safi na kurudishwa yakiwa na damu. Nasikitika ninapomwona chui, kanga au maharagwe, nikakosa neno nililofundishwa na Mama.

Sasa turudi kwenye ile insha yangu ya kidato cha tatu. Tulitakiwa kuandika kisa kitakachothibitisha ukweli wa methali. Nilimbuni mwanamke mdaku aliyejitia katika ugomvi wa mke na mume wa nyumba ya pili, akaishia kupigwa yeye. Mwalimu aliipenda. Likizo ilipofika nilimsomea Mama kwa fahari, naye akisonga ugali. Nilipomaliza hakusema kitu. Aliugeuza ugali, akaufunika, akanawa mikono.

"Ni nzuri," hatimaye akasema. "Ila umemsahau Kogo."

Maneno hayo yamenifuata mpaka shahada ya uzamili. Kwa miaka mingi nilidhani Mama amenionyesha kuwa methali ni ya uongo. Siku hizi naona amenionyesha kwamba nilikuwa nikiisoma vibaya. Tunapoifundisha tunaitafsiri kuwa amri: usijiingize katika yasiyokuhusu. Lakini tuitazame sentensi yenyewe. Haisemi usiwashwe. Inauliza yakuwashiani. Tumezoea kuliita swali la balagha, swali lisilongoja jibu, na tukishaliita hivyo tunaondoka. Wale vijana wawili walimwuliza Kogo swali hilo hilo kwa maneno mengine, nao hawakuwa wakingoja jibu. Yeye akalijibu kana kwamba ameulizwa kwa dhati. Zimeiva. Hakuwahutubia habari za ujirani wala utaifa. Kitu cha jirani kimeiva, mwenyewe hayupo, kitaoza. Kwa hiyo kinamhusu aliyepo.

Hata sarufi iko upande wake. Washa ni kauli ya kutendesha ya kitenzi waka: kinachokuwasha kinakufanya uwake. Mwaka wa 2021 Tuzo ya Nobel ya tiba ilitolewa kwa David Julius, pamoja na Ardem Patapoutian. Julius aliitumia kapsaisini kugundua kipokezi cha neva kinachotuwezesha kuhisi joto. Kipokezi hicho ndicho kinachoamshwa na joto linalozidi nyuzi 43 hivi, na ndicho kinachoamshwa na pilipili. Yaani, mwili haubagui kati ya moto na pilipili. Huitikia vyote kwa sauti moja. Lugha yetu ilikuwa imeshalisema hilo kwa kitenzi kimoja. Ndege ndio wasiohisi. Kipokezi chao hakiishiki kapsaisini, kwa hiyo huzila pilipili na kuzisambaza mbegu bila taabu. Sisi tumeumbwa tuwashwe. Basi mtu akiniuliza ya wengine yaniwashiani, sioni aibu kujibu kuwa ndivyo nilivyoumbwa.

Kogo alifariki mwaka wa 2019. Mama alikuwa miongoni mwa wanawake waliopika siku ya maziko. Alipewa sufuria kubwa ya viazi na nyama, naye alikuwa amekuja na mfuko wake wa pilipili kama kawaida yake. Nilimwona akiufungua, akautazama, akaufunga tena. Sufuria nzima aliipika bila hata pilipili moja. Waombolezaji wengi hawakulitambua jambo hilo. Mimi nilikula chakula hicho kisicho na ukali, na macho yakanitoka machozi vilevile.

Ukuta wa udongo ungalipo. Jiko jipya lilijengwa kwa kuuzunguka, na tuta liko pale pale. Kila mwaka Mama hunipa mbegu katika kitambaa, zikiwa zimechanganywa, ameacha kuzitenga. Katika chumba changu chuoni nina makopo matatu dirishani, na katika moja lao sasa hivi kuna pilipili tano: mbili nyekundu, moja ya chungwa, moja ya zambarau, na moja ambayo bado haijaamua. Wanachama wenzangu wa chama chetu cha Kiswahili, anayetaka mbegu na aje anione. Sharti langu ni dogo: kabla ya kuzipasua, ajipake mafuta viganjani, na akisahau, asione vibaya kuomba maziwa kwa jirani.